Kaskazini Kwetu ni Wapi?

Kabla hujamwona ulisikia bati. Madigadi ya nyuma ya baiskeli yake ilikuwa imelegea skrubu tangu nilipopata akili, na kila gurudumu lilipopita juu ya jiwe bati liligonga fremu: tak, tak-tak, tak. Mwezi wa Juni ukungu wa Ufipa hulala chini mpaka jua lipande, humwoni hata ng'ombe aliye mbele yako. Ndani ya weupe ule bati lilitangulia, kikafuata kikohozi, ikafuata "Tumsifu Yesu Kristo," ndipo mwishowe akatokea mtu mwenyewe: koti refu la mtumba lisilo na vifungo, kofia ya sufu, magoti yametoka nje kama ya panzi. Kina mama waliokuwa kisimani walikuwa wameshaacha kusengenya. Bati lilikuwa limewaonya.

Tulimwita Katekista, na hata binti yake mwenyewe, akikasirika, alimwita hivyo. Kigango chetu kiko upande wa Kate, mbali na parokia, na padre alifika pale mara chache, barabara ikiruhusu. Jumapili zilizobaki zilikuwa zake. Aliongoza ibada, alihubiri, alizika, alifundisha watoto na watu wazima waliotaka ubatizo, na jioni alikaa kwenye kigoda akisikiliza mke na mume wakishtakiana. Mimi alinifundisha kwa ajili ya kipaimara, kisha akaniweka kwenye kwaya, nyuma ya mabenchi ya wanawake, mahali ambapo mtu anaona kila kitu isipokuwa nyuso.

Alikuwa na namna ya kuhubiri ambayo sijaiona kwa mwingine. Alisoma, alieleza kidogo, kisha akauliza swali, akafunga Biblia, akakaa. Hakujibu. Swali lilibaki limening'inia kanisani, mtu akalibeba mpaka nyumbani, akalila na ugali. Alituambia kwamba jibu unalopewa unalisahau mlangoni, ila unalolitafuta mwenyewe unalala nalo. "Neno lina miguu," alipenda kusema. "Kazi yangu ni kulifungulia tu." Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa mizaha, alilalamika kwamba kwa mahubiri ya namna hii mtu hasinzii vizuri. Katekista aliichukua lawama ile kama sifa.

Aliwapenda manabii kuliko mtakatifu yeyote. Injili aliisoma kwa heshima, kama mtu anayepokea mgeni. Manabii aliwasoma kama majirani. Wanunuzi wa mahindi walipokuja na magari yao na kutulazimisha kujaza gunia mpaka livimbe juu kama limevaa kilemba, ile lumbesa inayomla mkulima, alisimama na Amosi mkononi, akasoma habari za wale wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani, akauliza kama nabii huyu aliwahi kufika sokoni kwetu, akakaa. Wiki ile watu walikataa lumbesa wote kwa pamoja. Magari yaliondoka matupu, kisha yakarudi na magunia ya kawaida. Viwavijeshi waliposhuka kwenye mahindi alimsoma Yoeli, mdudu mmoja akila alichobakiza mwenzake, akatutoa sote mashambani tukaokota wadudu kwa mikono hadi vidole vikawa vya kijani, huku tukiimba.

Ni lazima niyaseme haya kwanza, maana yaliyotokea baadaye yanaweza kumfanya mtu afikiri kwamba ilikuwa kosa tangu mwanzo kumchukua nabii wa kale na kumsimamisha katikati ya shamba la ulezi. Haikuwa kosa. Tulikuwa watu wenye hofu, naye alitupa mahali pa kusimama. Ukijua kwamba kuna mtu aliwahi kuona njaa kama yako na bado akamwita Mungu, unaamka asubuhi, unashika jembe.

Nyumbani kwake palikuwa na mambo ambayo hayakuhubiriwa. Alikemea imani za kutumiana radi, ambazo sisi watu wa huku tunasemwa nazo nchi nzima, lakini ngurumo ikianza aliinuka kimyakimya, akakifunika kioo kwa taulo, akavua saa. Alikataza watu kunywa kimpumu Jumamosi ili waje ibadani na akili zao, naye alikuwa na mrija wake wa kunywea pombe hiyohiyo ya ulezi, mrefu, umetundikwa ukutani jirani na rozari. Waliochelewa ibada aliwafungia nje. Mvua ikinyesha, alitoka kwa mlango wa nyuma akawapelekea koti lake wajifunike, kisha akarudi kuwafungia.

Mtu pekee aliyethubutu kuyacheka haya mbele yake alikuwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuja na mumewe, mapacha wao na ng'ombe wao kutoka Usukumani, huko kaskazini, kama familia nyingine zilizokuja huku zikitafuta nyasi. Wafugaji wengi walijenga mbali, walinunua ulezi kwetu tukanunua maziwa kwao, basi. Yeye alikuja kanisani. Hakuwa amebatizwa. Alikaa benchi la tatu, akajifunza katekisimu pamoja na watoto wa umri wa mapacha wake, na swali likiulizwa mkono wake ulikuwa juu kabla ya yao. Na kwa kuwa kwetu Msukuma ni mtani, siku ya kwanza alipoambiwa huyu ndiye Katekista hakumpa shikamoo. Alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema amesikia kwamba Ufipani kuna wachawi, lakini hakujua kuwa wanavalishwa makoti.

Mtani anakutukana kwa sababu wewe ni wake. Adabu anawawekea wageni.

Tangu siku ile haukupita muda mrefu bila vita. Alimletea maziwa kwenye kibuyu, akamwambia ni ya ng'ombe mgonjwa, ya ng'ombe wazima amewawekea watu wa maana. Katekista alimuuliza kama ni kweli kwao ng'ombe hupewa majina kwanza, na watoto hupewa yakibaki. Na akiondoka, Mama Kulwa hakufunga mlango. Nyumba ile iko mgongoni mwa kilima, upepo wa Juni unaingia kama wembe, naye aliuacha wazi makusudi, akaenda zake taratibu.

"Funga mlango, mchunga ng'ombe," Katekista alimwita. "Hapa si zizini."

"Wa nini?" alijibu akiwa tayari njiani. "Tangu lini mchawi akapita mlangoni?"

Katekista aliinuka kuufunga huku akinung'unika, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa zawadi.

Alipofiwa na mkewe hakulia. Alisimama makaburini kama nguzo, tukaanza kumwogopa. Tuliporudi nyumbani kwake Mama Kulwa alijifunga khanga ya marehemu, akachukua mwiko wake, akapita katikati ya waombolezaji akimwigiza vile alivyokuwa akimgombeza mumewe: hiyo madigadi utaikaza lini, unaamsha kijiji kizima, hata wafu watakukimbia. Watu waliokuwa wakilia wakacheka. Katekista akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta, kisha kicheko kikageuka mdomoni mwake, akalia mpaka jioni. Baadaye alisema kwamba padre alimwombea vizuri mkewe, lakini aliyemfungua yeye kifua alikuwa yule mpagani wa benchi la tatu.

Madigadi hakuikaza.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikatika Januari, mahindi yakiwa yanataka kutoa mbelewele. Nyasi ziliisha, na ng'ombe wakaanza kuingia mashambani. Sisi tunalima kwa matuta ya mviringo. Majani tunayafukia ndani yaoze, yalishe udongo. Kundi likipita juu ya shamba la namna hiyo, limekanyaga na mwaka ujao. Palikuwa na maneno kisimani, zikafuata fimbo, mtu mmoja akavunjwa mkono. Ng'ombe wa Mama Kulwa hawakuwemo katika kesi yoyote. Mumewe aliwachunga mwenyewe, upande wa mawe, ambako hakuna anayelima. Lakini ukiwa na njaa huwaulizi ng'ombe ni wa nani.

Jumapili ile Katekista alisoma mwanzo wa Yeremia, pale nabii anapoonyeshwa chungu kinachochemka, kimeinama kutoka upande wa kaskazini, naye anaambiwa kwamba mabaya yatawafikia wenyeji wa nchi kutoka huko. Alieleza kidogo. Alisema katika nyakati za taabu Mkristo asisali akiwa amefumba macho tu, afumbue pia. Kisha akafika kwenye swali, kama kawaida yake.

"Ndugu zangu, kaskazini kwetu ni wapi?"

Akafunga Biblia, akakaa.

Miaka baadaye nilimuuliza alikuwa akifikiria nini. Siku moja aliniambia alifikiria njaa, siku nyingine rushwa, na siku aliyokuwa mkweli kuliko zote alisema hakufikiria kitu. Lilikuwa swali zuri, lilimkaa vizuri mdomoni. Mimi nakumbuka Jumapili ile. Kutoka kwenye kwaya niliona vichwa vikigeuka polepole, kimoja, kingine, kuelekea benchi la tatu. Tulipofika kwenye kupeana amani Mama Kulwa alinyoosha mkono kwa jirani yake wa kulia, naye akawa na kazi ya kumkaza mtoto mgongoni. Akageuka, akaunyoosha nyuma. Nyuma tulikuwa sisi, na sisi tulikuwa tunatafuta ukurasa wa wimbo.

Katikati ya juma zizi lao liliwaka moto, mchana, wenyewe wakiwa malishoni. Nyumba ikafuata. Hakufa mtu, lakini ndama waliokuwa wamefungwa ndani hawakupona. Moshi ulionekana mpaka kisimani, na hakuna aliyekimbia na ndoo. Kilichobaki walikipakia kwenye mkokoteni wakashuka bondeni, Mama Kulwa na mapacha wakiwa wamebakiza masomo machache kuufikia ubatizo.

Waliochoma hawakujulikana, maana yake walijulikana na kila mtu. Mwenyekiti wa kijiji alipowahoji walisema aliyewafumbua macho ni Katekista. Jumapili iliyofuata alisimama mbele yetu kwenye meza ya masomo, akasema hakuwataja wafugaji, hakumtaja mtu yeyote, neno hilo halikutoka kinywani mwake.

"Hukusema," alijibu yule mzee wa mizaha kutoka benchi la mbele, na hapakuwa na mzaha sautini. "Uliuliza."

Juma lile alikaza skrubu. Baiskeli ikawa kimya, ikawa inatokea ghafla ndani ya ukungu, na kina mama kisimani wakawa wanashtuka. Naye hakuacha tena swali likae bila jibu. Aliuliza akajibu mwenyewe, akajibu tena, akaweka mipaka pande zote kama shamba lenye kesi. Mahubiri yakawa marefu na makavu. Watu walisinzia vizuri.

Tulidhani angewaacha manabii. Badala yake alirudi kwa Yeremia, akamsoma ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayerudi nyuma katika njia aliyoangusha kitu. Siku moja nilimkuta barazani, miwani imeshuka puani, akaniita nikae. Alinionyesha kwamba mistari michache tu baada ya kile chungu imeelezwa kwa nini mabaya yanakuja: ni kwa ajili ya uovu wa wale wale waliokuwa wakisikiliza. Nabii hakuwa anawaonyesha adui. Alikuwa anawasema waliokaa kwenye mabenchi.

"Mimi nikamshika kichwa," alisema, "nikamgeuza atazame dirishani."

Akafunua mbele kidogo, pale nabii huyohuyo anapowasihi watu wasimwonee mgeni, yatima na mjane. Alikiweka kidole chake hapo muda mrefu. Ilikuwa humuhumu siku zote, aliniambia, kitabu kilekile. Yeye tu hakufika hapo.

Alimtafuta Mama Kulwa. Alishuka bondeni kwa baiskeli, kifua kikiwa tayari kibovu, akaambiwa wamehamia upande wa Kipili. Alipofika Kipili akaambiwa wamesogea tena. Binti yake alimsihi aache, padre alishamwondolea dhambi, anataka nini zaidi? Nilikuwepo alipomjibu. Alisema msamaha ni amri, na Mama Kulwa angeutoa hata meno yakiwa yamekazana. Yeye alikuwa anatafuta kutukanwa. Akitukanwa hata mara moja tu, angejua wamepatana.

Mwaka huu kifua kilimshinda kabisa, na binti yake akamleta mjini, nyumbani kwake Katandala. Baiskeli ilibaki kijijini. Walimpa chumba cha mbele, ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja nje, kitanda kikiwa hatua chache kutoka kizingitini. Mimi naishi mitaa ya jirani, na nilipitia kumsomea, kwa sababu macho nayo yalikuwa yanaaga. Hapo ndipo binti yake alipopata habari sokoni kwamba kijana mmoja wa bodaboda anaitwa Kulwa, kwao ni wafugaji, na mama yake yu hai.

Nilimkuta kijiweni. Wenzake walinipokea kwa mambo na poa, wakadhani nimekuja kukodi. Nilipomweleza anayenituma, Kulwa alivua kofia ngumu akaipangusa kwa mkono, ingawa haikuwa na vumbi. Alisema atafikisha ujumbe, lakini kumshawishi mama hatamshawishi.

Alikuja asubuhi moja ya Juni, nyuma ya pikipiki ya mwanawe, ambaye hakushuka wala hakuzima injini. Katekista alikuwa ameomba anyolewe ndevu. Aliposikia nyayo alijiinua kwenye mto, akakaza uso kama mtoto anayejua atamwagiwa maji, na macho yalikuwa yanacheka tayari.

Mama Kulwa alisimama mlangoni. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe chini ya kilemba, shingoni ana rozari. Alibatizwa huko walikoenda. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," Katekista aliitikia, akajilaza tena kwenye mto.

Mama Kulwa alikaa kwenye kiti, akauliza habari za kifua, za binti, za mvua ya mwaka jana. Katekista alimjibu, kisha akajaribu. Alimwambia amenona, bila shaka amewala ng'ombe wote peke yake. Mama Kulwa alitabasamu, akasema wapo, tunamshukuru Mungu. Alimwambia kwamba ngurumo zikianza bado anafunika kioo. Mama Kulwa akasema ni vizuri, tahadhari haidhuru. Kila alichorusha kilidakwa kwa mikono miwili na kurudishwa kikiwa kimefutwa vumbi. Basi akaacha, akamwomba msamaha wazi, bila kujitetea, kwa nyumba, kwa ndama na kwa watoto.

"Nilishasamehe siku nyingi, baba," alisema. "Wewe na wao. La sivyo nisingeweza kusali." Alitazama viganja vyake. "Ila kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Ulipouliza kaskazini ni wapi, nilinyoosha mkono. Nilidhani unauliza kweli. Mle ndani ni mimi tu niliyekuwa napajua, ndiko nilikotoka. Nilitaka kusema huko nako mvua imekatika, tuwaombee."

Nilikuwa nimeuona mkono ule. Kutoka kwenye kwaya nilidhani anaweka kilemba chake vizuri.

"Mbona hukujibu?" Katekista aliuliza.

"Ulikuwa umeshakaa."

Nje pikipiki iliendelea kunguruma. Mama Kulwa alitoa kwenye kikapu chupa ya maziwa, akampa binti wa Katekista kwa mikono yote miwili, akamwambia ni ya ng'ombe mzima, amemchagua mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa. Akaanzisha Baba Yetu, tukasali naye. Sote alitupa mkono, na kwangu aliuacha mkono wake kitambo, au labda ni mimi niliyeuzuia.

"Asante, mtani," Katekista alisema kutoka kitandani.

"Asante, baba. Upumzike."

Akatoka. Katekista alisukuma blanketi likamshuka kifuani, akageuza uso kuelekea mlangoni, akangoja upepo. Tulimwona Mama Kulwa akivuka kizingiti, akipiga hatua moja, akisimama. Kisha akarudi, akashika kitasa kwa mikono miwili ili kisipige kelele, akaufunga mlango polepole mpaka ukakaa sawasawa kwenye fremu yake.